Chumba cha Juu, Sehemu ya Tisa: Mgongo wa Mzee Abdijabar

Mkono wa Muhiba uko palepale mlipouacha Jumamosi iliyopita: kifuani. Kichwa chake kimeinama. Na Bi Kavutha, mwamuzi, ameshasimamisha saa.

"Amekubali!" Shiundu, mpinzani wa Muhiba, akapiga ukelele, akaruka hadi kiti kikaanguka nyuma yake. "Amekubali kushindwa! Mmeona wote! Makadara oyee!"

"Sijakubali kitu!" Muhiba akauondoa mkono kama aliyegusa pasi ya moto. "Nimemsalimia mzee!"

Kwa mliofungia maandazi gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, nitaeleza kwa pumzi moja.

Vilabu viwili vya sataranji vinagombea chumba kimoja. Chumba kiko Makadara, juu ya stoo ya mchele ya Mzee Abdijabar, na kina dirisha, meza tano na taa isiyopepesa. Makadara wamekikalia miaka sita. Wenzao wa mtaa wa Pipeline hawana chumba. Wao huchezea kwenye ngazi za ghorofa, kati ya ya nne na ya tano, na kila mpangaji akipanda na mtungi wa maji mchezo husimama, ubao huinuliwa kichwani, mtungi ukapita. Mwezi uliopita malkia mmoja aliporomoka ghorofa nne, akaokotwa ndani ya karai la nguo za mtu.

Mzee Abdijabar akachoka na malalamiko ya pande zote mbili. Akatamka: mtacheza michezo mitano, watakaoshinda wakae na chumba mwaka mzima, na sitaki kusikia neno tena. Imekuwa mbili kwa mbili. Huu ndio wa tano.

Na mkono je? Katika sataranji, anayekubali kushindwa humpa mwenzake mkono. Muhiba, nahodha wa Pipeline, hashikani mikono na mwanamume asiye jamaa yake. Basi asubuhi hiyo Bi Kavutha aliandika karatasi, wachezaji wakatia sahihi: atakayekubali kushindwa ataweka mkono wa kulia kifuani na kuinamisha kichwa. Wote waliona ni jambo la heshima. Hakuna aliyekumbuka kwamba hivyo ndivyo Muhiba anavyomwamkia kila mwanamume mtu mzima tangu apate akili.

Mlango ukafunguka. Mzee Abdijabar akaingia. Mkono ukapanda wenyewe.

Haya, pumzi imekwisha. Turudi.

"Kimya mahakamani!" Bi Kavutha akagonga meza kwa chupa ya maji.

"Bi Kavutha, hapa si mahakamani," Shiundu akasema.

"Nilipo mimi ni mahakamani."

Na usibishane naye. Mama huyu alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na mmoja. Amewaona mahakimu kumi na wanne wakija na kuondoka, na kumi na watatu kati yao, kwa maneno yake mwenyewe, hawakujua kushika faili. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya leso, akaivaa tena.

"Kielelezo cha kwanza, karatasi hii. Sahihi hii ni yako, Muhiba?"

"Ni yangu, mama."

"Mkono uliweka?"

"Niliweka."

"Wa kulia?"

"Nisalimie mzee kwa wa kushoto, mama? Nimelelewa."

Upande wa Pipeline wakacheka. Bi Kavutha akawatazama mmoja mmoja mpaka kicheko kikafa.

Muhiba akakaza buibui, akautazama ubao. Alikuwa anashinda! Ngome moja zaidi, malkia wake ana njia, na zaidi ya yote, mguu wa Shiundu. Shiundu ni mwalimu wa udereva. Miaka kumi na saba ameketi kando ya watu wanaotaka kugonga nguzo. Akiona hatari, mguu wake hukanyaga breki hata pasipo breki. Dakika ishirini nzima Muhiba alikuwa akiusikia chini ya meza: dup, dup, dup. Mwanamume alikuwa anafunga breki kila anaposogezewa farasi.

Na sasa ushindi wote huo uende kwa salamu?

"Shahidi wa kwanza," Bi Kavutha akaita. "Mzee Abdijabar."

Mzee Abdijabar alikuwa bado mlangoni, jasho likimtiririka, kreti ya soda miguuni pake. Alikuwa amewaletea wachezaji kinywaji, maskini, kwa nia njema.

"Mzee, ulipoingia, binti huyu alikusalimia?"

"Mimi najua wapi?" Mzee akafuta uso. "Mimi naingia nyumanyuma. Navuta kreti. Nyinyi mnaona ngazi ile ilivyo nyembamba? Naangalia chini, naangalia ngazi, sioni mtu."

"Unasema uliingia kinyumenyume?" Bi Kavutha akauliza polepole.

"Wallahi kinyumenyume."

Shiundu akainua mikono juu kama mtu aliyejibiwa dua. "Mnasikia? Aliingia na mgongo! Sasa mniambie, nani katika Nairobi hii husalimia mgongo?"

Ilikuwa kweli. Muhiba alikuwa ameusalimia mgongo. Aliona kanzu, aliona kofia, mkono ukapanda kabla akili haijafika.

"Mgongo wa mzee ni mzee pia!" Sauti ilitoka nyuma, ya Yahye, mchezaji wa pili wa Pipeline, kijana mrefu ambaye huko kwenye ngazi ndiye hushika ubao mitungi ikipita. "Ama mzee akigeuka heshima inakatika? Buda, huna adabu!"

"Wewe nani amekupa nafasi ya kusema?" Bi Kavutha akamkemea.

"Hakuna, mama."

"Basi kaa. Lakini iandikwe." Naye mwenyewe akaandika.

Mzee Abdijabar akakuna ndevu. "Hilo neno la kijana ni zuri," akasema. "Hata mgongo wangu umezeeka."

"Shahidi atajibu anachoulizwa tu!"

"Samahani."

Shiundu hakuridhika. Alisimama katikati ya chumba, akakunja mikono ya shati. Ungedhani yuko mbele ya darasa akifundisha kuingia mzunguko wa barabara. "Mama mwamuzi, mimi nina macho. Nilikuwa mbele yake, hatua moja. Ile haikuwa salamu. Salamu mtu hutabasamu. Huyu alikuwa na uso wa msiba. Alikata tamaa. Nilimwona akikata."

"Nilikuwa nahesabu!" Muhiba akafoka. "Uso wangu wa kuhesabu uko hivi!"

"Ni uso wa msiba."

"Ni uso wangu!"

"Kimya! Bwana Shiundu, usinieleze uso. Nionyeshe mkono. Alifanyaje hasa?"

"Rahisi sana. Alikuwa ameketi hivi." Shiundu akakiinua kiti chake kilichoanguka, akaketi mbele ya ubao, akajinyoosha. Uso wake ukawa wa msiba mkubwa. "Halafu akafanya hivi."

Akaweka mkono wa kulia kifuani. Akainamisha kichwa.

Muhiba hakungoja hata akiinue.

"AMEKUBALI!"

"Ati nini?" Shiundu akaruka.

"Mkono wa kulia! Kifuani! Kichwa kimeinama! Mbele ya ubao! Na sahihi yake iko kwenye karatasi!" Muhiba alikuwa amesimama sasa, kidole kimemwelekea Shiundu. "Mama mwamuzi, Makadara wamekubali kushindwa!"

"Zii! Mimi nilikuwa naonyesha tu!"

"Na mimi nilikuwa nasalimia tu!"

Pipeline walilipuka. Yahye akapanda juu ya kiti. Makadara wakapiga kelele kwamba saa ilikuwa imesimama, Pipeline wakajibu kwamba karatasi haisemi lolote kuhusu saa. Mtu akauliza, "Kwani alifanyaje?" na mwenzake akamwonyesha, mkono kifuani, na wa tatu akasema si hivyo, ni hivi, naye akaonyesha. Kufumba na kufumbua chumba kizima kilikuwa kimejaa watu wazima walioweka mikono vifuani na kuinamiana. Mzee Abdijabar, akiona wote wanamwamkia, akaona aibu kuwaacha. Naye akaweka wake.

"Waalaykumu salaam," akasema.

Bi Kavutha, aliyeona faili za miaka thelathini na mmoja lakini si jambo kama hili, akajishika kifua kwa mshtuko.

"Hata mwamuzi ameshindwa!" mtu akapiga yowe.

Chupa ya maji ikagonga meza mara tatu. Mara ya tatu kizibo kikaruka, maji yakamwagikia karatasi yenye sahihi, wino ukaanza kutembea. Ndipo kimya kiliposhuka.

"Hukumu," Bi Kavutha akasema, sauti imekauka. "Kwanza. Mkono wa Muhiba na mkono wa Shiundu imefutana. Pili. Mchezo unaendelea kutoka pale ulipofika. Tatu. Ili mahakama hii isichezewe tena, kuanzia sasa kila mchezaji atakalia mkono wake wa kulia."

"Atafanyaje?" Muhiba na Shiundu waliuliza kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana siku hiyo.

"Atauweka chini ya makalio yake, na ataukalia mpaka mwisho. Atakayeutoa amekubali kushindwa. Hapo hakuna salamu, hakuna maonyesho. Mtacheza kwa mkono wa kushoto."

Msomaji, ukiona nimetia chumvi, hujamjua Bi Kavutha.

Muhiba ni fundi simu. Mkono wake wa kulia hufungua skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta. Wa kushoto, kwa upande wake, hauna elimu yoyote. Hushika kilichoshikwa tayari. Aliukalia ule uliosoma, akaunyanyua ule mjinga, na papo hapo akaiona hila ya dunia.

Shiundu alikuwa anatabasamu.

Gari la Kenya, dereva huketi kulia, na gia iko kushoto. Miaka kumi na saba mkono wa kushoto wa mtu huyu umekuwa ukibadilisha gia, ukivuta breki ya mkono, kila anapowanyang'anya kiti cha dereva wanafunzi waliofumba macho. Bi Kavutha amempa mkono wake mzuri.

"Twende kazi," Shiundu akasema, akamwingiza farasi. Gia namba mbili. Akagonga saa. Hata hakutazama.

Muhiba alikuwa na dakika nne. Akasogeza askari. Askari akaanguka. Akamsimamisha, akaanguka tena.

"Taratibu, dadangu," Shiundu akasema kwa upole wa kuudhi. "Achia klachi polepole."

"Cheza ubao wako."

"Mimi nakusaidia tu. Huko kwenye ngazi zenu mtahitaji mkono mwepesi."

Pipeline wakaguna. Muhiba akauma mdomo. Akaiwaza ngazi ile, harufu ya mafuta ya taa, ubao juu ya kichwa cha Yahye, mtungi unapita, kitoto cha mtu kinaondoka na askofu mdomoni. Akawaza dirisha hili, meza hizi ambazo hazihami. Dakika tatu. Dakika mbili. Kila hatua ilimchukua sekunde kumi kuwaza na ishirini kusimamisha. Ile ngome moja ya ziada ilikuwa bado yake, lakini sekunde zilikuwa zinahama.

Shiundu akampeleka mfalme wake ukingoni mwa ubao, akamweka mbele ya ngome yake mwenyewe. Akagonga saa.

Dakika moja na nukta chache.

Muhiba alijua la kufanya. Malkia wake alikuwa kwenye njia iliyonyooka, na alitaka kumsogeza mbele miraba miwili tu, mahali salama, kisha amalize kazi kwa utulivu. Akamnyakua kwa vidole vitatu. Akamsukuma. Mraba wa kwanza, wa pili, na mkono ule usio na elimu haukujua kusimama. Malkia akateleza mraba wa tatu. Vidole vikamwachia.

Akabaki pale, wima, bila mlinzi, pua kwa pua na mfalme wa Shiundu.

Na ukiachia umecheza. Hiyo ndiyo sheria, Makadara na Pipeline na kila mahali.

Damu ilimkauka Muhiba. Amemtoa malkia bure! Alitamani kupiga yowe. Badala yake mkono wa kushoto ukagonga saa, kwa sababu hilo angalau uliliweza, na mdomo wake ukasema kwa sauti kavu, "Shaha," yaani mfalme yuko hatarini.

Pumzi za watu arobaini zikakatika.

"Amemtoa malkia," mtu akanong'ona.

"Manze, amemtoa mhanga!" Yahye akadakia, machozi yanamlenga. "Nahodha! Nahodha ameiona! Huyo si mtu, huyo ni jini!"

Shiundu akamtazama malkia. Akamtazama Muhiba. Uso wa Muhiba, kwa hofu, ulikuwa umekufa ganzi, haukuonyesha chochote. Uso wa msiba.

Dup, ikasikika chini ya meza. Dup, dup.

"Unajua nini wewe?" Shiundu akauliza.

Muhiba akakazia macho ubao. Angejibu nini? Alikuwa hajui kitu.

Shiundu alikuwa na dakika kumi na moja, na zote akazitumbukiza katika ubao ule. Mfalme hakuwa na pa kukimbilia: nyuma ngome yake mwenyewe imemziba, na pembeni malkia wa Muhiba anapafagia. Zilibaki njia mbili tu. Amle malkia kwa askari, au amle kwa mfalme mwenyewe. Kwa vyovyote, malkia ni wa bure. Mtoto wa shule angemla. Lakini Shiundu alikuwa amewafundisha watu kwamba barabara ikiwa nyeupe sana, kuna shimo.

"Kuna mtego," akanong'ona. "Uko wapi? Uko wapi?"

Muhiba naye, kwa kuwa hakuwa na lingine la kufanya, akaanza kuutafuta.

Dakika ya nne akauona.

Aliuona na moyo ukampasuka. Askari akimla malkia, ukuta unafunguka. Askofu wake, aliyekuwa amelala kona ya mbali kama paka wa stoo, anapata kuona mpaka mlangoni pa mfalme. Ngome yake inapanda mara moja tu, na mfalme wa Shiundu amekwisha, hana hatua ya kupiga. Chumba ni cha Pipeline. Lakini mfalme akimla malkia mwenyewe, anatoka nje, anapunga upepo, na Muhiba hana kitu. Chumba ni cha Makadara.

Askari, chumba. Mfalme, ngazi.

Hakupepesa macho. Alimwomba Mola amsamehe kwa uso wake.

Sekunde arobaini zilikuwa zimebaki kwenye saa ya Shiundu alipoinua mkono wa kushoto. Akautandaza juu ya ubao. Kidole gumba kikaelea juu ya askari, kidole cha mwisho kikaelea juu ya mfalme. Jasho lilimdondoka kwenye kidevu. Macho akayafumba, sasa ndiye mwanafunzi.

"Chagua, bwana," Bi Kavutha akasema. "Na ukumbuke: utakachogusa kwanza ndicho utakachocheza."

Mkono wa kulia wa Shiundu, uliokaliwa robo saa nzima, ulikuwa umekufa ganzi mpaka begani. Akajisogeza kidogo ili damu ipite. Kiti, kile kilichoanguka mwanzoni, kilikuwa na mguu mmoja uliolegea. Kikayumba. Shiundu akaenda upande. Na mkono wa kushoto, ule uliosoma kuliko mikono yote ya Makadara, ukaanguka kifudifudi juu ya ubao.

Gumba juu ya askari. Kidole cha mwisho juu ya mfalme.

"Askari!" Pipeline wakapaza.

"Mfalme!" Makadara wakapaza.

"Mtu asisogee!" Bi Kavutha akasimamisha saa. "Bwana Shiundu, umegusa nini kwanza?"

Shiundu akafumbua macho. Alitazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Lazima tumsifu kwa hili: hakujua bado ni kipi kingemwokoa, na hakudanganya. "Sijui, mama. Nilikuwa naanguka."

"Nani aliona?"

Watu arobaini walikuwa wameona mgongo wa kiganja, basi. Vidole vilikuwa chini, upande wa pili, na upande wa pili aliketi mtu mmoja.

Bi Kavutha akageuza miwani polepole.

"Muhiba. Dakika chache zilizopita ulisimama hapa ukataka tuamini neno lako kwamba ulimsalimia mzee. Mimi nililiamini, hata kama sikusema. Sasa naliuliza tena neno hilohilo. Kidole gani kilitangulia?"

Yahye alikuwa ameshika kichwa. Pipeline wote walikuwa wamesimama, wakimtazama nahodha wao, midomo yao ikitamka neno moja bila sauti: gumba, gumba, gumba.

Muhiba alikuwa ameona. Aliona wazi, kama anavyoona skrubu chini ya taa.

Kilikuwa kidole cha mwisho, cha mfalme.

"Tunakusubiri, mwanangu," Bi Kavutha akasema, akafungua ukurasa mpya, akainua kalamu.

Muhiba akafungua mdomo.